Uso wa Kukhu

Haya yalimpata rafiki yangu Gentrix, pale Amalemba, na hadi leo hataki kulala peke yake.

Gentrix hutunga mashairi ya kutazamwa. Anaandika maneno kwa mkono, anayazungusha kwenye michoro, kisha anabandika vipande vya picha katikati. Safari hii alikata sura ya kukhu, nyanya yake marehemu, kutoka kwenye kijitabu cha programu ya mazishi yake.

Mama yake, aliyekuwa amemtembelea, alilitazama tundu lililobaki kwenye programu. "Sasa kukhu umemwacha bila uso. Huko aliko watamjuaje?"

"Mama, ni shairi tu."

Mama akaondoka bila kumaliza chai.

Alasiri gundi ikamwishia, hata tone halikubaki. Gentrix akatia kufuli mlangoni, akaenda dukani kununua unga wa ngano apike nyingine. Mvua ikamkuta njiani, stima zikapotea, na alipofungua mlango ndani kulikuwa giza tupu. Humo gizani mkasi ulikuwa ukikata karatasi, krach, krach, polepole, kama wa mtu asiyeona vizuri.

"Mama?"

Mkasi ukanyamaza.

Akawasha tochi ya simu. Hakukuwa na mtu. Ukutani, picha yake ya mahafali ilikuwa imebaki mabega bila kichwa. Mezani, tundu la ile programu lilikuwa limezibwa kwa uso wake mwenyewe, juu ya jina la kukhu.

Akaugusa. Pakiti ya unga ilikuwa bado mkononi mwake, haijafunguliwa, na gundi iliyoushika uso ule ilikuwa ya moto.