Sauti ya Mwanamke wa Karungu

Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, simu ya Bonareri iliita chumbani mwake, katika hoteli moja ya Homa Bay. Kabla hajasema haloo alisikia mwanamke anahema.

"Sista, wameniua," Risper alisema. "Natembea tu, lakini wameniua."

Bonareri aliketi kitandani. Kabla ya kuwa mtafiti alikuwa muuguzi, na wanawake wa ufuoni hawakuacha kumwita Sista. Risper alikuwa muuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Karungu, mmoja wa wanawake arobaini aliowarekodi.

"Nani amekuua?"

"Sijui. Namba imefichwa. Nilikuwa naanika omena, saa kumi na mbili na robo. Hata hakusalimia. Akaniwekea sauti yangu mwenyewe. Pale ninaposema binti hakuteleza, alisukumwa. Mpaka jogoo wa mama mkwe anawika pale katikati. Halafu akanong'ona, 'Hii ikisikika leo saa nane, wewe ndiye utafuata majini.'"

"Una hakika ni sauti yako?"

"Ni yangu. Lakini ilikuwa inajivuta, Sista. Nzito, kama nimekunywa chang'aa. Na unajua mimi ni Msabato."

"Chukua watoto, nenda kwa dada yako Rusinga. Sasa hivi. Umepiga ripoti?"

"Nipige kwa nani? Sijui polisi gani wa huku anakula samaki wa yule nahodha."

Simu ilipokatika, Bonareri aliitazama ratiba ya mkutano uliomleta Homa Bay. Mkutano huu wa kitaifa ulikuwa wa kuonyesha jinsi wasomi wa fani mbalimbali wanavyoweza kutumia akili unde pamoja, na Bonareri na wenzake watatu walikuwa wamepika katika sufuria moja. Yeye alikusanya ushuhuda. Javan, mwanaisimu, aliusikiliza na kuunukuu neno kwa neno, kisha akautafsiri. Mubarak wa kompyuta alitengeneza mashine ya kubadilisha sauti ili msemaji asijulikane. Idil, mwanasheria, alichunguza kama ushuhuda wa namna hiyo ungekubalika mahakamani. Saa nane mchana, watu mia tatu wangemsikia Risper kwa sauti ya mashine, akisimulia habari za nahodha anayewauzia samaki wanawake wanaokubali kulala naye tu, na binti mmoja aliyekataa, akaokotwa majini amekufa. Hakutaja jina la mtu. Alisema tu kwamba mashua ilikuwa na kiraka cha bati mbele.

Rekodi yenyewe ilikuwa mikononi mwa watu wanne, na mwishoni mwake Risper alitaja namba yake ya simu. Wanawake wa ufuoni hufanya hivyo. Karatasi hulowa, sauti hailowi. Bonareri alipaswa kuikata sehemu hiyo kabla ya kuwagawia wenzake. Alisahau.

Saa mbili kasorobo alimkuta Mubarak ukumbini, amepiga magoti kati ya nyaya.

"Jana uliigiza sauti ya mwenyekiti wa mkutano hata mkewe angedanganyika," Bonareri alisema. "Leo alfajiri mtu amemtishia Risper kwa sauti yake mwenyewe."

Mubarak alisimama polepole. "Dada Bonareri, wanidhania mimi?"

"Nakuuliza."

"Alisikia nini hasa?"

"Maneno yake. Na jogoo."

"Basi si mashine yangu. Kazi yake ya kwanza ni kufuta kelele. Jogoo hutangulia kuondoka. Hiyo ni rekodi halisi."

"Ambayo unayo."

"Ninayo, na sijaisikiliza hata mara moja. Niliziingiza zote arobaini, nikaenda kunywa chai. Mashine ndiyo husikiliza."

Noordin, fundi wa vipaza sauti, alisema walikuwa pamoja tangu saa kumi na mbili kamili, na simu ya Mubarak ilikuwa inachajiwa mezani pake. Bonareri aliondoka akiwa na hofu zaidi ya alivyokuja, kwa kuwa sasa orodha ya washukiwa ilikuwa imepungua.

Idil alimpokea kwa bahasha. Ilikuwa imefungwa kwa lakiri nyekundu, na sahihi yake imevuka mkunjo.

"Flashi yako ya rekodi imo humu tangu uliponipa," alisema. "Mimi nimesoma tafsiri ya karatasi tu. Ushahidi haufunguliwi kabla ya siku yake."

Lakiri ilikuwa nzima.

Bonareri alikaa na kikombe cha chai asichokinywa. Aliyebaki alikuwa Javan, rafiki yake wa miaka sita, aliyemsindikiza mpaka Kendu Bay kumzika mama yake. Alikataa kuamini, akarudi kwenye maneno ya Risper. Inajivuta. Nani husikiliza sauti inayojivuta? Mashine haina haja. Mwanasheria alisoma karatasi. Ni mtu anayenukuu tu, anayepunguza mwendo ili asikose hata silabi, tena na tena, mpaka masikio yake yanasahau kwamba binadamu hazungumzi hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo alikuwa ameifua mwenyewe.

Saa saba na dakika ishirini, Javan alikuwa peke yake katika chumba cha wasemaji. Idil alibaki mlangoni.

"Nisaidie neno moja la Risper," Bonareri alisema. "Pale karibu na jogoo."

Javan aliifungua rekodi. Sauti ikatoka nzito, ya kilevi, na jogoo akawika kama anayeugua. Mkono wake ulikimbilia kitufe cha mwendo, lakini alikuwa amechelewa.

"Hivyo ndivyo alivyoisikia asubuhi," Bonareri alisema.

Javan alifunika uso. "Bati lile nililipigilia mimi, Desemba. Ni mashua ya kaka yangu. Alinilea baada ya baba kufa, Bonareri. Nilitaka tu mama huyu aogope, ajitoe."

"Ameogopa. Na yule binti, naye alilelewa na mtu." Kisha akauliza alichokuwa akiogopa kuuliza. "Umempa kaka yako namba yake?"

Javan hakumtazama. "Namba na jina. Saa nne."

Idil alikuwa tayari anaongea na wapelelezi kwa simu. Bonareri alimpigia Risper. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Mara ya tatu alisikia upepo, kisha mtoto, kisha Risper.

"Niko Rusinga. Jirani amenipigia. Wamekuja, wamevunja mlango, wamemwaga omena yote."

Bonareri alilia, hakuona haya. "Nisamehe. Nilisahau kukata namba. Nitaiondoa rekodi."

Risper alimtuliza mtoto kwanza.

"Usiondoe. Ameshajua ni mimi. Nikinyamaza, tunajua mimi na yeye, na mimi ndiye wa kuzama. Watu mia tatu wakijua, atamzamisha nani?" Akavuta pumzi. "Na hiyo sauti ya mashine, wachana nayo. Weka yangu. Lakini kwa mwendo wangu, Sista. Watu wasiseme nilikuwa nimelewa."

Saa nane kamili wapelelezi walikuwa wamekwisha kumchukua Javan, na wengine walikuwa njiani kwenda Karungu. Bonareri alipanda jukwaani. Alimwashiria Mubarak.

Saa nane na dakika tatu, jogoo wa mama mkwe aliwika ukumbini, na hakuna aliyecheka.