Ukungu Ndani ya Darubini ya Kipanga

Risasi ya tano ilipotimua vumbi, Kipanga aliinua shavu lake kutoka kwenye kitako cha bunduki. Bamba la chuma lilikuwa mita mia nane mbele yake, jeupe pe, halijaguswa. Risasi zote tano zilikuwa zimepita kushoto kwake, kama zilizoambizana.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, siku ya mchujo. Nafasi ya kwenda mashindano ya nje ilikuwa moja tu, na jina la mshindi lilitakiwa kupelekwa saa kumi jioni. Mwaka mzima wa mazoezi ulikuwa umekwisha kwa vumbi la dakika tano.

Nyuma ya kamba ya watazamaji, shangazi yake alisimama taratibu. Alikuwa mpelelezi mstaafu wa polisi, mwanamke mnene asiye na haraka, aliyetumia nusu ya maisha yake kuwauliza watu maswali wasiyoyapenda. Leo alikuja kupiga makofi tu.

Kocha alimtangulia. Alimwinamia Kipanga, macho yake yakiwa makubwa kama ya bundi nyuma ya miwani yake minene, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Nilikwambia, binti yangu. Darubini ya kitoto hulia ndani."

Kipanga alikiri kwamba msalaba wa kulengea ndani ya darubini ulikuwa na ukungu tangu risasi ya kwanza. Amri ya kufyatua ilikuwa imeshatolewa, naye alidhani ni machozi ya woga. Kocha aliwageukia watu. "Ukungu. Mmesikia wenyewe, mimi simo."

Maneno hayo yalikuwa na mzizi. Miezi michache nyuma, klabu ilipotaka kubadili darubini za bunduki, kamati ilimsikiliza Kocha na kununua nane ndefu nyeusi, nene kama mkono wa mwanamume, zenye kuvuta mbali mpaka unaona misumari ya bamba. Kipanga aliijaribu moja, akairudisha kabatini. Alisema ukiivuta mpaka mwisho, joto la ardhi linaifanya picha ichezecheze kama nguo kwenye kamba, na tundu la kuonea ni jembamba kiasi kwamba ukikosa huoni risasi imeangukia wapi. Alijinunulia yake, fupi, yenye kukuza kwa kiasi. Kabla ya kuiamini aliipima kwa kufyatua mraba: alizungusha magurudumu yake ya kusogeza shabaha kwenda kulia, juu, kushoto, kisha chini, na risasi ya mwisho ikaingia tundu lile lile la kwanza.

"Mimi nataka gurudumu linalojua njia ya kurudi nyumbani," alisema.

Kocha aliapa mbele ya klabu nzima kwamba siku mdoli ule wa darubini utakapolipiga bamba kwenye mchujo, yeye atavua filimbi yake shingoni. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Sasa Shangazi alimwekea mpwa wake mkono begani. "Usiiguse tena. Hata vumbi usipanguse."

Mwenyekiti wa klabu alikuwa mtu wa haki, ila saa ilikuwa mkononi na haraka ilikuwa moyoni. Alimweleza Shangazi kwa upole kwamba ndugu si shahidi, na kwamba anayeshindwa hukubali. Shangazi akamjibu kwamba yeye haombi ushindi, anaomba meza na chumba. Alipewa vyote viwili, mpaka saa sita.

Bunduki ililazwa mezani juu ya mifuko ya mchanga, ikiwa tupu, ikielekea bamba kupitia dirisha. Kipanga aliyapitia magurudumu ya darubini kwa macho. Namba zilikuwa pale pale alipoziacha jana. Hapo ndipo hofu ilipomshika kwelikweli, kwa sababu kama namba hazikusogea, basi darubini yenyewe ndiyo iliyomsaliti, na chaguo lilikuwa lake.

"Na hii nyekundu ni nini?" Shangazi aliuliza.

Ilikuwa rangi ya kucha. Kipanga alikuwa ametia tone moja juu ya kila skrubu, ili ikilegea aone. Shangazi alivaa miwani yake ya kusomea, akainama. Kwenye gurudumu la pembeni, matone yote yalikuwa yamepasuka.

Kipanga alishusha pumzi, akaeleza. Ukilegeza skrubu hizo, kifuniko chenye namba kinatoka. Unazungusha kilicho chini yake, unarudisha kifuniko kwenye namba ile ile, na hakuna atakayejua.

Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza nani atathibitisha kwamba Kipanga hakuipasua rangi hiyo mwenyewe baada ya kukosa. Shangazi hakukasirika. Swali lilikuwa zuri; hata yeye angeliuliza.

Alianza na mtunza ghala la silaha. Mzee huyo aliapa kwamba hakutoka mlangoni tangu alfajiri. Shangazi alimtazama viatu vyake, vilivyokuwa na chokaa ya mabamba hadi vifundoni.

"Hiyo chokaa ilikufuata ghalani, mzee wangu?"

Mzee alicheka kwa aibu. Alikiri kwamba alikwenda kusaidia kubeba mabamba, akaacha funguo mlangoni. Aliporudi alimkuta Twiga ndani, na Kocha akitoka.

Twiga alikuwa kijana mrefu aliyeshika nafasi ya pili, na kila mtu alijua kwamba Kipanga akianguka, safari ni yake. Aliingia akiwa ameshavimba kwa hasira.

"Wamekwambia nimegusa begi la bunduki yake. Ndiyo, nimeligusa, lilikuwa juu ya langu. Nilisogeza."

"Na ulifurahi alipokosa?"

"Risasi ya kwanza nilifurahi, Shangazi. Ya pili pia. Ya tano nikaona haya. Huyu dada hakosi tano, hata akifumba macho. Nataka kumshinda, sitaki kumwokota."

Jibu lilikuwa tamu, lakini Shangazi alikuwa amewahi kusikia matamu zaidi kutoka kwa waongo. Alimwacha aende.

Kocha hakukaa. Alisema aliingia ghalani kuchukua bendera, akatoka. Kuhusu darubini ile, hana habari nayo.

"Hujawahi kuchungulia ndani yake?"

"Tangu inunuliwe, sijaichungulia hata mara moja. Nichungulie mdoli kwa lipi?"

Alipoondoka, Shangazi alirudi kwenye lile neno lililokuwa likimkereketa tangu asubuhi: ukungu. Kwa mwanga wa dirisha alivikagua vioo vya darubini, mbele na nyuma. Vilikuwa vikavu, vinang'aa. Kisha alichungulia. Bamba na msalaba vyote vilikuwa uji mtupu. Ukungu ulikuwapo, maji hayakuwapo.

"Hii pete ya kioo cha nyuma ni ya nini?"

"Ya jicho," Kipanga alisema. "Kila mtu ana mahali pake. Mimi niliiweka siku ya kwanza, sijaigusa tena. Ndilo somo la kwanza la Kocha: kabla ya yote, sawazisha msalaba na jicho lako. Siku hizi, ukishika darubini ya mtu mwingine, mkono unaizungusha wenyewe, kama unavyofunga…" Alikatiza. Midomo ikabaki wazi.

Shangazi aliweka kidole mdomoni. "Nyamaza hivyo hivyo. Niitie watu."

Walikuja wote. Bunduki ilikuwa bado juu ya mifuko yake, ikitazama bamba kupitia dirisha. Shangazi alitangaza kwamba anataka kujua darubini imehama kwa kiasi gani. Kwenye mstari wa msalaba kulikuwa na vinamba vidogo. Kila mtu achungulie bila kugusa kitu, aseme ukingo wa bamba umeangukia namba ngapi.

Kipanga hakuona namba. Mtunza ghala aliona maziwa. Mwenyekiti alikodoa, akajaribu jicho la pili, akasema labda umri. Twiga alikunja miguu yake mirefu, akatazama sana, akainuka. "Shangazi, humo ndani kuna moshi mtupu."

Kocha aliachia tabasamu la mwalimu anayeona wanafunzi wamekwama. Alivua miwani, kama alivyofanya kila alipofundisha, akainama mara moja tu.

"Sita. Kutazama nako ni kazi, jamani."

"Una uhakika?"

"Sita na nukta. Naona mpaka mkwaruzo wa rangi kwenye bamba."

"Vizuri. Sasa vaa miwani yako, Kocha, utazame tena."

Mkono wake uliishika miwani, ukasita hewani. Aliivaa, akainama, akakaa hapo muda mrefu kuliko mara ya kwanza.

"Sema."

"Kuna ukungu," alisema kwa sauti ndogo.

"Hakuna ukungu. Kuna jicho la mtu." Shangazi aliwageukia wengine. "Ukimwacha Kocha, watu watano tumechungulia, wote tuna macho mazima ya mbali, na Mungu atuzidishie. Hatukuona kitu. Anayeona ni mmoja, tena akiwa bila miwani, kwa sababu pete hii imezungushwa ikae sawa na jicho lake peke yake. Na huyo ndiye aliyeniambia hajaichungulia hata mara moja."

Kocha alidai kwamba pete inaweza kugeuka ndani ya begi, safarini, popote. Shangazi alimuuliza ni safari gani hiyo inayoigeuza mpaka kwenye namba ya miwani yake.

"Ulitaka risasi zipite karibu, zisiende mbali," Shangazi aliendelea, sasa kwa upole. "Zingekwenda mbali, watu wangeshuku. Kwa hiyo ulilazimika kuchungulia upime. Ukakuta msalaba hauko sawa na jicho lako, na mkono ukafanya unachowafundisha hawa watoto kila siku."

Kocha aliketi. Alisema kamati ilinunua nane kwa neno lake. Miaka ishirini hakuna aliyelipinga neno lake uwanjani, mpaka alipokuja msichana na kibomba chake kifupi, akafyatua mraba. Kama angeshinda nacho, wote wangekwenda kumuuliza msichana huyo.

"Nilitaka akose siku moja tu," alisema.

"Siku moja," Kipanga alimjibu, "ndiyo niliyokuwa nayo."

Mwenyekiti alinyoosha kiganja. Kocha alivua filimbi, akaiweka hapo.

Mchujo ulirudiwa saa nane. Kipanga alikataa darubini nyingine. Alifunga ile ile, akarudisha gurudumu, akasawazisha pete kwa jicho lake, akapewa risasi mbili za kujipima. Jua lilikuwa kali, na kwenye darubini ndefu za wenzake bamba lilikuwa likicheza ngoma. Kwenye yake lilitulia, dogo, limekatwa vizuri na msalaba.

Alifyatua. Sauti ya chuma kutoka mita mia nane haina haraka. Mtu anaweza kukata tamaa kabla haijafika. Ikafika. Ngaa. Kisha ya pili, ya tatu, ya nne. Mtunza ghala alishindwa kujizuia, akaanza kuruka na viatu vyake vya chokaa. Ya tano ilipolia, Shangazi alikuwa amepiga makofi hadi mkoba umemwanguka.

Twiga alipata nne. Alimpa Kipanga mkono mbele ya watu wote, akamsindikiza mezani kwa Mwenyekiti, ambako jina lilikuwa tayari likiandikwa. Halafu aliinama karibu na sikio lake, ingawa kunong'ona hakukuwa kipaji chake.

"Dada yangu, hako kafupi kanauzwa wapi?"

Nyuma yake, vijana watatu walisogea ili wasikie jibu.