Ng'ombe Kumi na Mmoja, Vichwa Magharibi

Jilala alikufa Jumatano saa kumi jioni, pamoja na ng'ombe wake kumi na mmoja. Mvua kubwa ya kwanza ilikuwa imetoka kukatika. Hakuna mtu aliyesikia radi.

Alifia malishoni Nkololo, kwenye mbuga ya udongo mweusi wa mfinyanzi kati ya bustani ya Athanasi, mwenyekiti wa kitongoji, na mashine ya kusaga ya Anatoli iliyokuwa upande wa magharibi. Mkewe, Benedikta, alimkuta ameshika mkia wa ng'ombe, kama mtu aliyetaka kumvuta asimame.

Athanasi ndiye aliyefika wa pili. Alimwita mchinjaji kwanza, polisi baadaye. Ng'ombe walikuwa bado wanahema, wakachinjwa wote ili nyama isipotee, ingawa bwana mifugo alikuja kuikataza. Kisha Athanasi akapiga picha kwa simu. Ng'ombe kumi na mmoja kwenye tope, wote wamelalia ubavu wa kushoto, vichwa vyote magharibi.

Sajenti Onesmo, mpelelezi, alianza kwa kushuku sumu, dawa ya wadudu wa pamba. Bwana mifugo akapasua matumbo, akakuta majani tu. Daktari akakuta alama ndogo ya kuungua kwenye unyayo wa Jilala. Hapo Onesmo akaacha sumu, akamtafuta mtu wa umeme.

Mtu huyo alikuwa Harieth, mhandisi kutoka Moshi, aliyekuja Bariadi na kampuni ya kupima njia mpya ya umeme. Kwenye kompyuta yake alikuwa na programu ya kukokotoa umeme unavyosambaa ardhini na kuuchora kwa rangi. Nyekundu ni penye volti nyingi, buluu ni penye usalama. Ijumaa asubuhi aliifungua mbele ya Onesmo, akaingiza ng'ombe kama walivyolala kwenye picha ya Athanasi. Athanasi alikaa nao kama kiongozi wa eneo.

"Ng'ombe ana miguu iliyoachana sana," Harieth alisema. "Akielekea chanzo cha umeme, au akikipa mgongo, miguu ya mbele na ya nyuma inakanyaga volti tofauti. Umeme unapita mwilini. Aliyesimama kiubavu anaweza kupona."

"Kwa hiyo waliokufa wanatuonyesha chanzo," Onesmo alisema.

"Wangetakiwa. Ukichora mstari kwa kila ng'ombe, mistari ingekutana mahali pamoja. Hii haikutani. Imekwenda sambamba kama matuta ya pamba."

"Maana yake?"

"Labda chanzo kiko mbali. Lakini kikiwa mbali, ili wafe, programu inadai volti elfu tisa. Waya wa kijijini pale una mia mbili thelathini."

"Magharibi kuna nini?"

"Mashine ya Anatoli," Athanasi alijibu haraka. "Na huwa anachomelea vyuma."

"Weka chanzo hapo," Onesmo akamwambia Harieth.

"Afande, nimekwambia volti hazitoshi."

"Weka tuone."

Akaweka. Mashine ya Anatoli ikawa nyekundu kwenye kioo, wekundu ukatambaa kuelekea malishoni. Athanasi akasogea, akainua simu, akapiga picha. Hakuna aliyemzuia.

Anatoli alikamatwa mchana huo. Alikuwa mfupi, nywele zimejaa unga.

"Mashine yako iliwaka Jumatano saa kumi?" Onesmo aliuliza.

"Ilizimwa. Mvua ikinyesha nani analeta mahindi?"

"Nani shahidi?"

"Mke wangu, Georgina."

"Mkeo atasema unachotaka."

"Humjui Georgina."

Onesmo akamwekea mezani picha ya ng'ombe. "Hawa wanakuonyesha wewe."

Anatoli aliivuta karibu. "Afande, wewe unakula nyama?"

"Jibu swali."

"Najibu. Hawa wamekatwa koo. Mchinjaji wetu ni Mwislamu, na ni mtu makini. Hakati mpaka mnyama amelazwa ubavu wa kushoto, koo limeelekea kibla. Kibla kwetu ni kaskazini. Sasa mlaze ng'ombe hivyo uone kichwa kitaangukia wapi."

Onesmo alitumia kiganja chake kama ng'ombe, akakilaza mezani. Vidole vikaelekea magharibi.

"Vijana waliwageuza kwa kamba," Anatoli alisema. "Wote kumi na mmoja wangeangukaje ubavu mmoja?"

Kabla Onesmo hajainuka, simu ya zamu ililia. Ile picha nyekundu ilikuwa imefika kwenye kundi la WhatsApp la kijiji tangu saa saba, na chini yake maneno matatu: Kompyuta imemtaja Anatoli. Watu walikuwa wamezunguka nyumba yake. Gari la polisi lilipofika Nkololo, paa lilikuwa limeshaungua na kuanguka.

Jumamosi asubuhi Onesmo na Harieth walisimama malishoni. Jua la siku mbili lilikuwa limekausha tope, na tope lilikuwa limeshika kila kitu. Palionekana alama za kamba, na mwanzo wa kila alama palikuwa na shimo pana la mwili, pale ng'ombe alipoanguka mwenyewe. Mashimo hayo yalielekea huku na huku.

Harieth alifunga kamba kwenye vijiti, akaivuta juu ya kila shimo kufuata mgongo wa ng'ombe. Kamba zote zilikwenda kukutana kwenye uzio wa bustani ya Athanasi. Akachuchumaa, akaingiza vipimo upya. Wekundu ukakaa kwenye uzio, ukaishia palepale mashimo yalipoishia.

"Volti ngapi?" Onesmo aliuliza.

"Mia mbili thelathini zinatosha. Tena zinabaki."

Karibu na uzio palikuwa na bomba la maji yaliyovutwa na pampu ya Athanasi. Mama mmoja, Lukresia, alikuwa ameketi juu ya ndoo tupu.

"Mwangaluka, mayu," Onesmo alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Kama mmefuata maji, hakuna. Tangu Jumatano usiku. Mwenyekiti anasema pampu imekufa."

"Kabla ya hapo ilikuwa nzima?"

"Nzima. Ila pale tunapomwaga maji miguu ilikuwa inawasha, kama siafu. Tukamwambia. Akasema ni mbolea ya nyanya, tuvae ndala."

Polisi walichimba kwenye uzio penye udongo uliofukiwa upya, wakitafuta chuma cha kuingiza umeme ardhini. Chuma hakikuwepo, lakini tundu lake lilikuwepo, refu na la mviringo. Hatua mbili ndani ya bustani jembe likatoa waya uliokatwa. Waliufuata chini ya nyanya hadi kwenye nguzo ya umeme.

Athanasi aliletwa kwenye uzio. Watu walikuwa wameshajaa, baadhi yao bado wananuka moshi.

"Pampu yangu ni ya sola," alisema.

"Paneli ziko wapi?" Onesmo aliuliza.

"Ziliibwa."

"Uliripoti kituo gani?"



"Aliiba umeme nguzoni kwa waya mmoja," Harieth aliwaambia watu. "Umeme ukitoka kwenye pampu lazima urudi. Hakuwa na waya wa kuurudisha, akachomeka chuma ardhini. Mbuga ikiwa kavu imepasuka, hauendi mbali. Mvua ilipolowesha, ukasambaa mpaka kwenye miguu ya ng'ombe. Jilala alishika mnyama akiwa pekupeku."

"Mmekunywa maji yale miaka miwili," Athanasi alisema, akiwageukia watu. "Nani aliuliza yanavutwa na nini? Jilala mwenyewe alinywesha ng'ombe hapa."

"Ulijua ardhi ina umeme?" Onesmo aliuliza.

"Si sana."

"Ulijua?"

"Mbwa wangu alikufa hapo. Mwezi wa nane."

"Kwa nini hukung'oa?"

"Nyanya zilikuwa zimeanza kuiva."

Benedikta alikuwa mbele ya watu. Hakulia. "Siku ile ulinishika mkono," alisema, "ukaniambia ni kazi ya Mungu."

"Na Anatoli?" Onesmo aliuliza. "Alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Wewe ndiye uliyemweka mwekundu, afande. Mimi nilipiga picha tu."

Onesmo alimfunga pingu bila kumtazama usoni. Watu waliobeba petroli Ijumaa walianza kuondoka mmoja mmoja, na Athanasi akaanza kuwaita kwa majina.

Athanasi alishtakiwa, na pamoja naye wanaume sita wa kitongoji. Anatoli alitoka mahabusu siku hiyohiyo. Alipoteza nyumba ya vyumba vitatu na mashine ya kusaga. Georgina, wakati nyumba inaungua, alikuwa ametoa magunia manne ya mahindi ya watu waliokuja kusaga. La tano lilimchoma, na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia havikunjiki tena. Wawili kati ya wenye magunia hayo walikuwa miongoni mwa waliowasha moto. Benedikta alibaki na ng'ombe saba waliopona na watoto watano. Mume, hakuna.