Mkwaruzo wa Hafidha

Sikieni, ndugu zangu wa Nachingwea, na ninyi wa Ruangwa msijifiche, maana jambo hili limetugusa wote. Wengine wenu mlikuwepo uwanjani siku ile. Mlipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Basi kaeni tuambiane ukweli, hata kama hautapendeza.

Hapo Nambambo kuna nyumba ya bati, na zamani kidogo mtu akipita karibu yake asubuhi alikuwa anapunguza mwendo. Wenye nyumba ni Ausi, mkewe Hafidha na binti yao Hajra. Msimu wa korosho ukianza, jua halijachomoza sawasawa Hafidha yuko nyuma ya nyumba chini ya mikorosho, ameinama, anaokota na kuimba. Hakuwa anamwimbia mtu. Ausi, fundi redio aliyejifundisha gitaa mwenyewe, alikuwa anakaa mlangoni na kumfuatisha polepole, chai inapoa pembeni. Majirani walizoea. Mmoja akikosa kuusikia wimbo asubuhi, anauliza kama kuna mgonjwa.

Sauti ya namna ile haikai nyuma ya nyumba. Alianza kuitwa kwenye harusi, kisha kwenye mikutano ya shule, kisha watu wakamjengea jukwaa. Nyimbo zake zilikuwa zile za taratibu, za kutoka moyoni, vijana wanaziita soul. Sisi huku tumezoea muziki wa kurukaruka, kwa hiyo siku ya kwanza aliposimama mbele ya umati pale Nachingwea mjini watu walikaa kimya. Ausi akatokwa jasho. Alidhani wamechoshwa. Kumbe wanawake walikuwa wamejifunika khanga usoni wanalia, na wanaume wanajifanya wameingiwa na vumbi machoni.

Shida ilianzia Malolo. Msimu ule Hafidha alikuwa ameimba siku nne mfululizo, Chinongwe, Malolo na vijiji vya katikati. Siku ya nne, katikati ya wimbo aliomtungia marehemu mama yake, sauti ikakatika. Ikakwaruza kama mlango mbovu, ikapotea, ikarudi. Lahaula! Uwanja ulilipuka. Watu walishikana mabega, wengine wakakaa chini kwenye mchanga. Mtu mmoja akapaza sauti, "Kwaruza, mama! Kwaruza!" na wote wakadakia.

Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka tena ile sauti laini ya mikoroshoni. Akiimba safi, wanamtazama tu. Akikwaruza, wanachanganyikiwa.

Msiwacheke sana watu hawa, maana ni sisi wenyewe, na tumelelewa hivyo. Mama yake Ausi, Bi Semeni, anayekaa jirani nao, alikuwa mwimbishaji kwenye unyago. Kwao mwimbishaji akitoka ngomani siku ya mwisho sauti yake ingali nzima, anasutwa mbele za watu kwamba amekula ubwabwa wa wenzake bure. Aliyekaukiwa ndiye aliyefanya kazi. Anapewa kiti, anapewa uji, anapewa sifa. Basi kila mara Hafidha aliporudi nyumbani hana sauti, mkwewe alimkumbatia na kumwambia, "Ahsante, mwanangu. Hujatuaibisha." Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anaumia.

Alikuwa anaumia. Alikuwa anaamka bubu, sauti haiji mpaka adhuhuri, na akimeza mate anashika shingo. Alipomwambia mumewe kwa mara ya tatu, Ausi akampeleka hospitali kubwa. Huko walimpitishia kamera nyembamba kooni, kisha Daktari Severini akawakalisha wote wawili.

"Nyuzi za sauti zina vinundu," alisema. "Huu mkwaruzo mnaoupenda ni ugonjwa. Mama akae kimya wiki sita. Asiimbe, asiseme, hata kunong'ona asinong'one. Akitii, kuna uwezekano mkubwa sauti ikarudi. Akiimba sasa hivi, sitawaficha, anaweza asiimbe tena maisha yake yote."

"Tumeelewa, daktari," alijibu Ausi. Na kweli alielewa. Shikeni hilo, msije mkasema baadaye kwamba maskini, hakujua.

Siku tisa nyumba ilikaa kimya. Hafidha na Hajra waligeuza ukimya mchezo, wakatunga ishara zao za chumvi, za kuni, za njoo uoge. Ausi alikuwa anawatazama anacheka, moyo wake umetulia. Siku ya kumi akaja Tomasi.

Tomasi ni mwandaaji wa matamasha kule Ruangwa, kijana wa maneno mengi na miwani ya jua hata ndani ya nyumba. "Kaka Ausi, mambo ni moto," alisema kabla hajakaa. "Mnada wa kwanza wa korosho umepita, watu wana raha, uwanja nimeshauchukua. Na kuna watu wa redio wanatoka Dar kumsikiliza shemeji. Dar, kaka! Nafasi kama hii inakuja mara moja tu."

Hafidha alitikisa kichwa. Akachukua daftari la Hajra la shule akaandika: *Wiki sita.*

"Nyimbo tatu tu, Mama Hajra," alisema Ausi. "Tatu. Halafu unakaa kimya hata miezi sita, nitakupikia mwenyewe."

Akaandika tena: *Umemsikia daktari.*

"Daktari ni mtu wa hospitali, hawajui watu wetu. Watu wetu wanakupenda hivyo hivyo ulivyo. Ukikwaruza ndiyo kabisaa!"

Bi Semeni naye akatia lake: "Mimi nimeimba miaka thelathini nimekaukiwa, mbona niko hai?"

Hafidha alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Mwanamke yule alimpenda Ausi, na alizoea kumwamini. Alifunga daftari, akaingia ndani kutafuta gauni. Ausi akafurahi. Akadhani ameshinda.

Saa kumi alasiri uwanja wa Ruangwa ulikuwa umefurika, watoto wamekaa juu ya ukuta, akina mama na vigoda vyao mbele. Mbele kabisa alikuwepo Mwanawetu, mama lishe wa sokoni, shabiki asiyekosa onyesho. Alikuwa amebeba mayai mabichi mawili na chupa ya tangawizi. Alimpa Hafidha mkononi kwa heshima, akamwambia, "Kunywa, mwanangu, halafu leo utukwaruzie mpaka tuzimie." Kwa mapenzi kabisa, jamani. Roho yake ilikuwa nyeupe.

Wimbo wa kwanza ulikwenda. Ulikwaruza kuanzia neno la kwanza, na watu wakapagawa. Kwenye wa pili Ausi alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia, upepo mtupu katikati ya maneno. Alipunguza gitaa kidogo ili amsitiri. Wa tatu ulikuwa ule wa marehemu mama. Hafidha alivuta pumzi, akafungua kinywa, na hakikutoka kitu.

Alijaribu tena. Mishipa ya shingo ilisimama. Hakuna.

Basi akanyoosha mkono wenye maiki kuelekea kwa watu. Alikuwa anawatazama mmoja mmoja kama mtu anayezama mtoni anavyowatazama walioko ukingoni.

Na watu wetu wakafanya nini? Wakaimba! Walikuwa wanaujua wimbo wote, neno kwa neno. Waimbaji wakubwa wakinyoosha maiki, si ndiyo ishara ya kuwapa mashabiki wimbo? Waliupokea kama zawadi. Maelfu ya watu waliimba wimbo wa mama wa mtu mwingine kana kwamba ni mama yao, machozi yanawatoka, simu ziko juu. Mwanawetu aliimba huku amepiga magoti. Watu wa redio wakasimama.

Lakini Ausi alijua. Tangu siku ya kwanza Hafidha hakuwahi kunyoosha maiki kwa watu; alikuwa akisema wimbo ni wa kubeba mwenyewe mpaka mwisho. Ausi aliuona ule mkono, akajua palepale kwamba mkewe anaomba msaada. Angeweza kuliweka gitaa chini. Ilikuwa hatua nne tu mpaka pale aliposimama mkewe. Ila uwanja ulikuwa unaimba vizuri mno, na alikuwa hajawahi kupigia umati wa namna ile, na Dar ilikuwa inatazama. Akaendelea kupiga. Akarudia kibwagizo mara mbili zaidi, na kila mara Hafidha alijaribu tena kuimba. Mungu amsamehe.

Nyuma ya jukwaa Hafidha alikaa kwenye boksi la spika, akamwona Hajra, waliyekuja naye, yuko mbali anacheza karibu na jenereta. Akafungua kinywa amwite. Mtoto hakugeuka. Ndipo alipoanza kulia, na hata kilio kilikuwa hakina sauti.

Hayo mengine ni mafupi. Daktari Severini alipoingiza tena kamera alisema damu imevujia ndani ya nyuzi na kovu litabaki. Walimpasua. Baada ya miezi mitatu alipata sauti nyembamba ya kusemea, ya kuombea chumvi na kuitikia salamu. Ya kuimba, hakuna. Watu wa redio hawakupiga simu tena. Tomasi alipata mwimbaji mwingine kabla ya mvua za kwanza.

Ile video nayo ilienea simu hadi simu. Chini yake watu waliandika: *Anawapenda mashabiki wake mpaka anawaachia wimbo!*

Mwezi wa nne baada ya upasuaji Mwanawetu alifunga safari kuja Nambambo, ana kuku mkononi. Alikaa kwenye mkeka akaanza kusifia. "Siku ile, mwanangu, ulitupa zawadi. Sisi wa Ruangwa tunakuombea dua mpaka leo."

Hafidha alisogea karibu ili asikike. "Mama, sikuwa nawapa kitu," alisema kwa ile sauti ya uzi. "Sauti ilikuwa imekwisha. Nilikuwa naomba mtu aje anitoe pale."

Kuku alimponyoka Mwanawetu mikononi. Akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Yarabi! Na sisi tulikuwa tunaimba!" Akalia mpaka Bi Semeni akaja kumshika, naye Bi Semeni akalia. "Hatukujua, mwanangu. Wallahi hatukujua."

"Najua hamkujua," alisema Hafidha. Kisha akageuka, akamtazama mumewe aliyekuwa amesimama mlangoni. Tangu siku ile ya Ruangwa hakuwa amemuuliza. "Na wewe, Baba Hajra? Wewe ulijua?"

Ausi angeweza kudanganya.

"Nilijua," alisema.

Hafidha aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilolijua. Hakumtukana, hakumfukuza. Aliinuka akaenda kumkamata kuku wa mgeni aliyekuwa amekimbilia uani. Mpaka leo wanaishi nyumba moja, lakini wakati wa kuokota korosho Hafidha anakwenda peke yake, na Ausi hakai tena mlangoni.

FUNZO

Ndugu zangu, huyu dada hakuharibiwa na adui. Aliharibiwa na waliompenda, waliopenda raha wanayopewa kuliko yeye anayewapa. Mwanawetu namhurumia, maana hakujua. Lakini wako miongoni mwetu wanaojua. Wanamwona mwenzao anaumia na hawasemi, kwa sababu maumivu yake yanawafaa: mume, mkwe, mwandaaji, hata mzazi anayemsifu mtoto kwa kujichosha. Kabla hujashangilia, mtazame usoni yule unayemshangilia. Na kama umeona ameishiwa nguvu, acha gitaa, acha simu, nenda ukamshike mkono, hata kama uwanja mzima utakuzomea.

Ausi anasema hatua zilikuwa nne tu. Bado anazihesabu.