Shingo ya L

Kila siku ya soko, Fiorenza na mumewe Ivano walichoma kuku katika duka lao karibu na uwanja wa mji. Mwaka huo walihitaji kibao kipya cha kutangaza duka. Ivano alitaka kumwita fundi.

"Fundi wa nini?" Fiorenza alifoka mbele ya wateja. "Neno moja tu, *pollo*, kuku! Kwani mimi sijui kuandika?"

Akaandika mwenyewe kwa rangi nyekundu. Herufi l ya pili ilikutana na msumari, basi akaifupisha, ikaishia chini ya msumari.

Asubuhi watu walisimama nje wakicheka.

"Fiorenza, leo unauza polio?" muuza jibini alipaza sauti. "Nifungie kidogo, nimpelekee mama mkwe!"

Fiorenza akatoka kutazama. Kweli, l ilikuwa fupi, na kichwa cha msumari kilikaa juu yake kama nukta. Ilikuwa i kabisa. Uso ukamwiva. Akafunika kibao kwa aproni, akakimbilia jikoni. Hakuthubutu kumtazama Ivano.

Mchana jirani yao Loredana aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amefanya kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka mingi.

"Na wewe umekuja kunicheka?"

"Nimekuja na penseli, shoga. Hebu sogea."

Akachora mistari kwenye karatasi ya kufungia kuku.

"Herufi ina mwili. Mstari huu wa chini ndipo herufi zinaposimama. Huu wa juu yake ni kimo cha o. Lakini l, h, b na d zina shingo ndefu, lazima zipite hapo. Ukikata shingo ya l, inafanana na i. Ukikata ya h, inakuwa n."

"Na p?"

"Ina mkia, na mkia hushuka chini ya mstari. Wewe umeusimamisha juu ya mstari, ndiyo maana neno linachechemea. Na tundu la o liache wazi. Likizibwa na rangi, mtu wa mbali anaona doa tu."

Fiorenza aliinamisha kichwa. "Ivano aliniambia tumwite fundi. Nikamwaibisha mbele ya watu."

"Msumari nimeshaung'oa," Ivano alisema mlangoni. "Chora mistari, mke wangu. Mimi nitashika ngazi."

"Nisamehe, Ivano."

"Chora kwanza."

Siku ya soko iliyofuata, mzee mmoja mwenye macho dhaifu alisimama ng'ambo ya barabara. Akakunja uso, akasoma kwa sauti: "*Pollo!*" Akavuka. "Nipe nusu, binti, na viazi."

"Mzee, umesoma kutoka kule?"

"Ndiyo. Kwani vipi?"

"Hakuna kitu," alisema Fiorenza, uso ukimwiva tena, akamwongezea viazi.