Nani Anakula Chakula cha Mwali?

"Mashavu! Toka humo ndani, mwizi mkubwa wewe!"

Jamani, huyo anayenguruma ni kaka yangu Mhina. Tumbo moja, ziwa moja! Kamba iko mkononi, nami nikadhani anatafuta mbuzi... kumbe ananitafuta mimi.

"Chakula cha mwanangu unakila wewe!"

"Kaka, wallahi..."

"Nyamaza! Miezi yote hii ni kuku, maziwa, uji wa asali, na mtoto bado fito! Wewe je? Hebu jitazame!"

Nikajitazama. Haya, mnene ni mimi, sibishi.

Niwaeleze. Kwetu hapa Korogwe, binti akiposwa anawekwa ndani, anapewa mtu wa kumlisha mpaka anawiri na kujaa, ndipo aozwe. Mwali ni Zamda, binti pekee wa kaka yangu. Mlishaji ni mwenzenu. Mchumba ni Mbaruku, kijana wa Handeni anayefanya kazi kwenye reli ya Wajerumani.

Na Zamda anakula, msifanye mchezo! Anakomba chungu, anaomba tena. Lakini shanga za kiunoni bado zinamteleza. Mimi niliacha hata kuonja mchuzi, nikawa nashindia muhogo mmoja ili nisionekane natafuna. Nikazidi kututumka!

Roho haikutulia. Nikitoka nje nasikia minong'ono, nikirudi ndani nampima Zamda mkono kwa vidole vyangu. Akisinzia namwamsha ale.

Aliyekuwa mbele kunisakama ni wifi yangu Chausiku, mama yake Zamda.

"Kwetu mapipa, kwenu mapipa," alisema. "Huyu atakuwaje fito kama haibiwi?"

Mhina, kamba bado mkononi, akaninyooshea kidole.

"Leo wakwe wanakuja kumwona. Wakimkataa, nakupeleka kwa akida wa Wajerumani. Viboko hamsa ishirini, na kwangu usirudi tena!"

Kaka aliyenibeba mgongoni tukiwa watoto! Nililia mpaka kamasi.

Mimi na Chausiku tukamfunga Zamda kaniki juu ya kaniki, mpaka akatuna kama gunia.

"Shangazi, nakosa pumzi..."

"Vumilia mwanangu, mgongo wangu uko hatarini."

Wakaja. Mama yake Mbaruku, Bi Swaumu, na binti zake wawili. Weee! Nilibaki mdomo wazi. Fito watupu! Shingo ndefu, mifupa ya mabega imechomoza, mikono myembamba mpaka vidoleni.

Zamda akapiga magoti kuamkia.

"Shikamoo, mama."

Alipoinuka, kaniki zikalegea. Moja chini... ya pili chini... akabaki na moja tu, na mifupa yake ya mabega nje.

Nikafumba macho. Nimekwisha!

Nikangoja matusi...

Nilipofumbua, Bi Swaumu amemshika Zamda bega. Anawatazama binti zake, anamtazama tena mwali.

"Ukoo wetu hatunenepi," alisema polepole. "Hata utupikie ng'ombe mzima. Mama yangu alikuwa hivi, na mimi ndiyo mnaniona. Lakini huyu... alizaliwa wapi?"

"Dindira, kule milimani," Mhina akajibu. "Mke wangu alikwenda kujifungulia kwa mama yake, mwaka ule wa njaa kubwa."

"Mama yake nani?"

"Marehemu Bi Amne."

Bi Swaumu akaketi chini, pwaa!

"Mwaka huohuo nilipanda Dindira na mtoto mchanga, maziwa yamenikauka. Nikamwacha rehani kwa Bi Amne, nikapewa mtama wa kuwaokoa wenzake. Mvua ziliporudi nikaenda kumkomboa. Akaniambia amekufa!"

Wote tukamgeukia Chausiku.

"Aliyekufa alikuwa wangu," akasema. "Kifua kimejaa maziwa, na huyu analia njaa. Nikamnyonyesha. Mama akaniambia, nenda naye kwa mumeo, hakuna atakayejua..."

Zamda na Mbaruku ni ndugu! Na ndoa ilikuwa imeshakaribia! Nami nilikuwa nahangaika kuuficha ule mwili uliotuokoa.

Bi Swaumu akamvuta Zamda kifuani.

"Nilikuacha ili ule, mwanangu. Niambie kweli. Walikulisha?"

Mhina akanitazama.

"Nilikula, mama," Zamda akasema. "Tangu nipate akili sijalala njaa. Na shangazi ndiyo kabisa, ananiamsha usingizini nile!"

Bi Swaumu alilia sana. Kisha akamgeukia Chausiku. Nilidhani atampiga.

"Kunidanganya sikusamehe leo," akasema. "Lakini kwa yale maziwa, ahsante."

Chausiku akaanguka miguuni pake. Posa nayo ikaishia hapo hapo.

Kaka Mhina mpaka sasa hajaniomba radhi kwa mdomo, analeta kuku tu. Nami nawala, mbele ya watu!

Lakini nyie mnaosoma, kabla hamjamwita mtu mlafi kwa unene wake, au kusema fulani ananyimwa chakula kwa sababu kakonda, waulizieni kwanza waliomzaa. Chakula kina kazi yake, sikatai. Ila mtoto umleavyo ndivyo akuavyo... tabia sawa, mbavu hapana!