Ijumaa Mwalimu Alipojitoa

Lifti ya jengo lile la orofa kumi na mbili ilichagua siku mbaya ya kuharibika. Ilikuwa siku ya mwisho ya kulipia leseni za biashara, na watu walijazana pale chini mpaka walinzi wakachoka kusukumana nao. Huyu ana faili, yule ana mtoto mgongoni, mwingine anampigia simu mkubwa fulani kumweleza kuwa amekwama, utadhani mkubwa atashuka aje kuisukuma lifti. Katikati ya vurugu hiyo, miguu nje na kichwa ndani ya kisanduku cha swichi, alikuwepo fundi. Mrefu, ovaroli ya bluu iliyofuliwa mpaka ikapauka, bisibisi mdomoni.

Nyuma ya foleni alisimama mwalimu na wanafunzi wake wanne. Gauni la manjano, raba nyeupe, nywele zimesukwa kurudi nyuma, na miwani iliyokuwa ikimteleza puani kila akiinama. Alifundisha darasa la wanafunzi wenye ulemavu katika sekondari moja ya jiji, na kazi yake haikuwa hesabu wala jiografia. Mwaka wao wa mwisho wa shule aliwavusha kwenda utu uzima: kupanda lifti, kuvuka barabara, kuomba kazi, kumwambia mtu hapana. Leo lilikuwa somo la lifti, na lifti ndiyo hiyo imelala.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mfupi, mashavu yamejaa. Akili yake ilikuwa na mwendo wake. Ilichelewa kufika, lakini ikifika imefika. Nyumbani walimwita Redio, maana alilolisikia asubuhi lilitangazwa jioni, liwe na kichwa na miguu au lisiwe navyo.

"Mwalimu, yule ni kaka yangu," Redio alitangaza, na ukumbi mzima ukasikia. "Hajaoa. Mama anasema ataoa lifti."

Watu walicheka mpaka walinzi. Fundi alichomoa kichwa kwa haraka, akakigonga, akabaki anakisugua mbele ya mwanamke mwenye gauni la manjano.

"Na hiyo lifti imekubali?" Mwalimu akamuuliza.

"Bado inaringa."

Ndivyo ilivyoanza. Lifti ilipopona, Mwalimu aliomba namba ya simu ya Fundi kwa sababu za kazi tu, ndivyo alivyosema. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alitakiwa kuandikiwa mpango kwa kushirikiana na familia yake: atafanya kazi gani, ataishi wapi, atafikaje huko. Mama yake Redio alishaitwa mara mbili, na mara zote mbili alisema mtoto ni wao, wafanye wanavyoona.

Sababu za kazi ziliisha baada ya wiki mbili, simu hazikuisha. Mchana Mwalimu alimpigia kumuuliza kama bado ananing'inia, naye akajibu yuko orofa ya sita, na kamba ikikatika wajue ni kwa kumuwaza mtu. Walitaniana hivyo mpaka wafanyakazi wenzake Fundi wakaanza kumkwepa saa ya chakula. Walikutana Jumapili, wakatembea, wakachoka, wakakaa, wakatembea tena. Walipendana, basi, nisizunguke.

Lakini Fundi alikuwa na sharti moja moyoni. Mwanamke atakayemuoa ataishi na Redio nyumba moja, maisha yote. Wanawake wawili walishalikimbia sharti hilo: wa kwanza alisema wazi, wa pili aliacha tu kupokea simu. Huyu wa tatu alimpenda mno, hata akaogopa kulitamka. Akajiambia aombe ndoa kwanza, sharti litafuata.

Jumapili moja, kwenye benchi la bustani, aliomba. Mwalimu alimshika mkono, akasema, "Nipe wiki mbili. Kuna jambo nalimaliza kwanza. Usiniulize ni nini."

Fundi alirudi nyumbani haelewi mbele wala nyuma. Mtu amekushika mkono huku anakwambia subiri; hiyo ni ndiyo au ni hapana?

Jumatano, wakila chakula cha jioni, Redio alifungua matangazo. "Ijumaa Mwalimu anajitoa. Kaka asijue, atavuruga."

Kijiko cha Fundi kilisimama njiani. "Anajitoa wapi?"

"Anajitoa tu. Amesema roho inamuuma, lakini lazima. Amesema atalia siku ya kwanza, siku ya pili atazoea."

"Nani atalia?"

Redio alifikiri, kijiko mdomoni. "Hakusema."

Mama aliuliza kama kuna mwenye kutaka kuongezewa.

Fundi alitoka nje akapiga simu. Mwalimu alikuwa kwenye kikao cha wazazi, akapokea kwa kunong'ona, "Mpenzi, Ijumaa ikipita tutaongea vizuri."

"Ikipita nini?"

"Ijumaa," akasema, akakata.

Sasa wewe unayesoma usimcheke. Unganisha mwenyewe: nipe wiki mbili, usiniulize, anajitoa, kaka asijue, atalia atazoea. Mtu mwenye akili zake timamu angeelewa nini hapo? Alhamisi simu yake iliita mara tatu, akaiangalia tu mpaka ikachoka. Mchana Mwalimu akamwandikia, "Umekula, mpenzi?" Fundi aliandika ujumbe mrefu, akaufuta, akaandika wa hasira, akaufuta, mwisho akatuma neno moja: "Sawa." Mwalimu naye akakaa na ile sawa siku nzima. Amekula au hajakula? Sawa nini? Wakawa wawili waliopotea, kila mmoja na njia yake.

Redio, kwa wiki sita sasa, alikuwa akijifunza kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja, kukunja mashuka na taulo. Msimamizi alishasema mikono yake ni mizuri; kilichobaki ni kujua kama ataweza kufika peke yake. Familia ilijua tu kwamba Mwalimu humpeleka kila asubuhi. Kwa hiyo Ijumaa, saa moja na nusu, Fundi aliomba ruhusa kazini akaenda kusimama mbele ya hoteli ile. Alitaka aambiwe usoni. Kuachwa kimyakimya alishaachwa, hakutaka tena.

Akamwona Redio ng'ambo ya barabara, ndani ya sare yake ya kijivu yenye kola nyeupe, mkoba umepita kifuani. Yuko peke yake. Barabara yenyewe ya njia nne. Midomo yake ilikuwa ikicheza, anajihesabia kitu. Taa ya waenda kwa miguu ikawaka kijani, Redio akatazama huku, akatazama huku, akashuka barabarani.

Ya mapenzi yote yalimtoka Fundi kichwani. "Redio! Simama hapo hapo!"

Redio ni mtiifu kwa kaka yake. Alisimama, katikati ya barabara. Taa ikabadilika, honi zikaanza, pikipiki ikapita karibu mno ikamvuta mkoba ukaanguka, naye akakaa chini palepale, mikono masikioni. Kutoka nyuma ya kibanda cha magazeti akachomoka mwanamke mwenye kitambaa kichwani na miwani ya jua, akanyoosha mikono miwili mbele ya magari. Fundi alifika pamoja naye. Walipomnyanyua Redio na kumfikisha kando, ndipo Fundi akatambua ni Mwalimu.

"Umemwacha barabarani peke yake," Fundi akasema.

"Sikumwacha. Nilijitoa."

Neno lilimpiga kama kofi. "Ulijitoa wapi?"

"Kwake. Kazini kwetu ndivyo tunavyosema. Wiki ya kwanza unamshika mkono. Halafu unatembea nyuma yake, halafu ng'ambo ya barabara. Mwisho unajitoa, hakuoni kabisa, ila wewe unamwona. Wiki sita, Fundi. Roho inaniuma kila mara, na wengi wao hulia siku ya kwanza. Nilisema usijue, kwa sababu ungekuja. Na umekuja."

"Mimi nilidhani unajitoa kwangu."

Mwalimu alivua miwani taratibu. Uso wake haukujua ucheke au ulie. "Ile sawa yako ilikuwa ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Na zile wiki mbili?"

"Mimi ndiye ninayesaini kwamba Redio anaweza kwenda mwenyewe na kufanya kazi. Nitasaini vipi nikiwa wifi yake? Nilitaka nifunge faili lake kwanza, halafu nikujibu nikiwa huru."

Redio alikataa kuingia hotelini. Alisema anataka nyumbani, akarudishwa nyumbani.

Alikaa ndani siku tisa. Sare ilining'inia nyuma ya mlango. Mama alisema basi, yatosha, mtoto asije akafa kwa ajili ya mashuka ya watu. Fundi hakuwa na uso wa kumtazama yeyote; alijua aliyeharibu ni nani. Alimwomba dada yake msamaha, Redio akamwambia honi zilikuwa nyingi, basi. Kwa Mwalimu alipiga simu, akaambiwa kwa upole mkavu, "Sina hasira za kukuacha. Nina hasira tu. Ziache zipoe." Naye akabaki anajiuliza hasira za mwalimu hupoa kwa muda gani.

Siku ya kumi asubuhi Redio alitoka chumbani amevaa sare. Kola aliipiga pasi mwenyewe. Alisimama mbele ya kaka yake, akamwonyesha kidole.

"Leo usiniite."

Fundi aliapa hataita. Redio alimpigia Mwalimu akamwambia anakwenda, akakata bila kusubiri jibu, akatoka. Fundi alikaa kitini amekamata meza kwa mikono miwili, kwa sababu miguu ilitaka kwenda. Dakika ishirini. Thelathini. Mama alikuwa jikoni akiosha kikombe kilekile kwa mara ya nne. Saa mbili kasoro, simu ikaita.

"Amevuka," Mwalimu akasema. "Hakugeuka hata mara moja."

Fundi alilia kwenye simu kama mtoto. Upande wa pili, nyuma ya kibanda cha magazeti, Mwalimu naye alikuwa akilia, na mwenye kibanda akimuuliza kama ananunua gazeti au hanunui. Hasira zilipoa hapo hapo.

Redio alivuka kesho yake, na kesho kutwa, na wiki nzima, na nyingine. Msimamizi wa hoteli akampa barua ya ajira yenye jina lake kamili, ambalo wengi nyumbani walikuwa wameanza kulisahau. Mwalimu alisaini, akafunga faili. Jumapili akaja kwao, gauni la zambarau safari hii, viatu vya kisigino vinavyomtesa, na Fundi akaona akinyamaza leo atanyamaza milele.

Alisema yote mbele ya mama na mbele ya Redio. Sharti lake, wanawake wawili waliolikimbia, na hofu yake. "Nikikuoa, Redio atakaa na sisi. Siku zote. Kama huwezi, niambie sasa."

"Kwa unavyomwangalia, nilishalijua hilo zamani, sina neno nalo," Mwalimu akajibu. "Nakubali kuolewa na wewe, na nakubali kukaa naye. Ila yeye, umemuuliza?"

Miaka yote hiyo swali hilo Fundi alimuuliza kila mtu, na wawili aliwapoteza kwa sababu yake. Redio mwenyewe hakuulizwa hata siku moja. Akageuka.

"Redio, utakuja kukaa na sisi?"

Redio alikuwa akikunja kitambaa cha meza, pembe kwa pembe, kama hotelini. Alimtazama kaka yake kwa mshangao mkubwa.

"Kwenu? Siwezi. Mama anasahau dawa. Asubuhi magoti yakimuuma, maji namchotea mimi. Nikija kwenu, mama atabaki na nani?"

Mama alikaa ameinamisha kichwa, akiichezea ncha ya kanga yake, kisha akasema polepole, bila kumtazama mtu, "Kweli dawa ananikumbusha yeye."

Mwalimu alimshika Fundi mkono, maana mwenzake alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, wala hajui aanze na kipi. Redio aliwaona, akamhurumia kaka yake.

"Wewe nenda tu, kaka," akamwambia. "Ila Jumapili ukitaka kuja, piga simu kwanza. Huenda niko kazini."